Bolti Sita za Sista Kadzo

Mwezi uliopita nilifunga kibanda changu cha baiskeli hapa Likoni. Benchi na jiliwa nilimwachia jirani, nikarudi nyumbani na mkoba wa spana ambao mke wangu ameshauliza mara mbili utakaa wapi. Macho yangu hayaoni tena tundu la tyubu, na vidole vilivyokuwa vikiyasaidia macho vimeingia ganzi. Mafundi wadogo wa barabara yetu waliniomba niwaandikie tulivyofanya kazi zamani, wapate la kujifunza. Kama walitarajia hadithi za fundi aliyeshinda kila baiskeli, basi wamekosea mlango. Baiskeli nilizozitengeneza vizuri nyingi sizikumbuki. Ninayoikumbuka kila siku ni moja.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kwa Mzee Karisa, Mgiriama wa Kaloleni aliyekuwa na karakana ya mabati huko Kisauni, kando ya njia ya kwenda soko la Kongowea. Siku ya kwanza nilifika saa moja asubuhi nimevaa shati jeupe. Mzee alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, kisha akauliza, "Umekuja kuposa?" Nikamwambia nimekuja kujifunza kazi. Akanionyesha debe la mafuta ya taa lililojaa cheni chafu, akanipa brashi ya waya, akarudi kwenye shughuli zake. Hadi adhuhuri shati lilikuwa na rangi ya zile cheni. Mama alilifua mara nne, kisha akalikata matambara, nami nikayapeleka kazini.

Siku hiyohiyo alianza mwenzangu Saidi, kijana wa Timbwani kama mimi. Tukivuka kivukoni pamoja asubuhi, tukirudi pamoja jioni, na mikono yetu ikinuka namna moja.

Baiskeli za wakati huo zilikuwa zile nyeusi nzito, na breki zake zilikuwa fimbo za chuma zinazoshuka kutoka kwenye usukani mpaka gurudumuni. Wachuuzi wa Kongowea wakizipakia makreti ya nyanya na magunia ya nazi mpaka mtu haonekani. Spana mbili tatu, nyundo, tupa na bisibisi vilitosha kuifungua yote na kuirudisha. Kitu kigumu kilikuwa pini inayoshika mkono wa pedali. Ukiigonga kwa pupa inapinda ndani, na hapo umejitafutia kazi ya siku nzima. Mzee Karisa alikuwa na njia yake. Pini ikikataa, alikuwa akiitia mafuta ya taa, anaweka nyundo chini, anawasha redio asikilize mpira. Mteja akilalamika, anapewa kibao akae asikilize naye. Wengine waliondoka wamekasirika na kurudi kesho yake wakitaka kujua matokeo ya mechi kabla ya kuuliza baiskeli.

Saidi aliipata subira ile mapema. Mimi sikuipata. Mikono yangu ilikuwa myepesi na nilipenda watu waione. Nilikuwa nikifungua gurudumu, kuziba tundu na kulirudisha kabla Saidi hajapata kukunja mikono ya shati. Wateja walinisifu. Mzee Karisa hakuwahi kunisifu kwa hilo. Siku moja nilivunja pini ya mtu mbele yake. Alichukua vile vipande viwili, akanitilia mfukoni mwa shati, akasema, "Nenda navyo nyumbani, ukaonyeshe watu ulivyo hodari."

Saidi na mimi tulikuwa tumepatana kwamba Mzee akichoka, tutafungua karakana yetu Likoni. Mahali tulishapachagua. Tulishabishana hata juu ya rangi ya ubao. Basi Mzee akachoka kweli, miguu ikavimba, akarudi Kaloleni. Wiki haikuisha, mteja mmoja akaniambia kwamba Saidi amepata kazi Shelly Beach, kwenye hoteli, kutunza baiskeli za wageni. Saidi mwenyewe hakuwa amenieleza neno.

Nilifungua kibanda peke yangu. Saidi alikuja. Nilimwona anakuja, nikainamia gurudumu, nikalizungusha na kuligonga spoki moja moja kana kwamba sina masikio. Alisimama kidogo akaondoka. Alikuja mara ya pili na mara ya tatu, nami nikafanya vilevile. Mara ya nne hakuja. Tukakaa hivyo miaka minane, katika mji mmoja, tukipishana njiani kwa kutazama ng'ambo.

Sista Kadzo alikuwa mkunga wa zahanati yetu. Likoni yote ilimjua. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha, na desturi yake ilikuwa kumtoa mtoto nje mwenyewe akampakata na kumkabidhi jamaa kwa mikono yake miwili. Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea pale zahanati alirudi kwao, akamwachia baiskeli yake. Ilikuwa baiskeli ya kupandia milima, nyepesi, yenye matairi manene. Breki zake hazikubana rimu kama tulivyozoea. Katikati ya kila gurudumu palikuwa na sahani nyembamba ya chuma yenye matundumatundu, na kidude kama koleo kikiibana sahani ile. Nilikuwa nimeona breki za namna hiyo kwenye pikipiki na magari. Kwenye baiskeli ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Aliniletea Jumanne asubuhi. Ilikuwa imepakiwa juu ya lori pamoja na magunia, na spoki mbili za gurudumu la mbele zimekatika.

"Fundi, habari za asubuhi. Hii naihitaji Ijumaa," akasema. "Kuna kina mama wanne kule Mtongwe siku zao zimekaribia. Kwa miguu siwafikii wote."

"Spoki mbili tu, Sista? Kesho jioni njoo uichukue," nikajibu, na wala sikuwa nimeinama nikaangalia.

Nilipoangalia, nikaona spoki zimekatikia upande wa sahani. Kichwa cha spoki kinaingia kwenye tundu la habu, kile kitovu cha gurudumu, na tundu lenyewe lilikuwa limefunikwa na sahani. Bila kuitoa sahani, spoki haipiti. Sahani ilishikwa na bolti sita ndogo, na kila bolti ilikuwa na tundu la nyota yenye ncha sita. Spana haikushika, bisibisi haikushika. Aleni, ule ufunguo wa pembe sita, ndogo ilizunguka bure na kubwa haikuingia.

Jumatano nilitoka kutafuta chombo. Nilianzia kwa wauza vyuma wa hapa Likoni, wakanionyesha vitu vya kila umbo isipokuwa nyota. Nikavuka, nikaenda Changamwe kwenye gereji moja ya magari. Fundi wa pale alikuwa na nyota, tena tatu, lakini ndogo kuliko zote ilikuwa nene kama kidole changu. Akanipeleka kwa wauza vyuma chakavu wa Chaani, tukapekua masanduku mawili ya kutu, hakuna. Alhamisi nikapanda Kisauni kwa fundi wa redio niliyemjua tangu siku za Mzee Karisa. Yeye alikuwa na nyota ndogo nzuri za kufungulia redio. Nikajaribu iliyo kubwa kabisa kwenye bolti, ikacheza ndani kama ulimi kwenye pengo.

"Unayoitaka ni namba moja mbele ya hii," akasema. "Mbona unahangaika? Saidi anazo. Saidi wa Shelly Beach, mlikuwa naye kwa Mzee. Wageni walimwachia seti nzima."

"Saidi yupi?" nikauliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. Nikamshukuru, nikaondoka.

Wallahi, kutoka kibandani kwangu hadi hoteli ile ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na kwa baiskeli hata jasho halitoki. Nilipita njiapanda ya kuelekea huko, nikaona vibao vya hoteli, nikanyoosha njia. Nilijiambia kwamba fundi wa kweli hujitengenezea chombo.

Jioni ile nilichukua aleni moja, nikaipiga tupa pembe zake hadi ikaingia kwenye tundu la nyota kwa kugongwa. Bolti ya kwanza ililia kidogo, ikatoka. Ya pili, ya tatu na ya nne zikatoka, ingawa nyota zake ziliharibika. Kwenye ya tano chombo kilizunguka bure, tundu lake likawa mviringo. Ya sita vilevile. Sikujua kwamba bolti zile hutiwa gundi kiwandani, na kwamba zingepashwa moto kidogo zingelainika. Nilichukua patasi na nyundo nikazipiga ubavuni mpaka zikazunguka, na sahani nikaichubua.

Spoki nilizitia, rimu nikainyoosha vizuri. Ilipofika zamu ya kuirudisha sahani, zile bolti nne zilizochakaa sikuweza kuzikaza sawasawa, kwa sababu chombo changu hakikuwa na pa kushika. Mbili za mwisho hazikufaa kabisa. Nikatafuta bolti mbili za kawaida zilizoingia kwenye matundu yaleyale. Vichwa vyake vilikuwa vinene kidogo, vikapita karibu na ile koleo, kwa upana wa ukucha. Nikazungusha gurudumu. Halikugusa. Gundi sikutia, kwa kuwa sikujua inahitajika.

Ijumaa Sista Kadzo akaja. "Imekaa sawa, Fundi?"

"Sawa kabisa, Sista," nikasema.

Baada ya siku kumi hivi, mumewe, Baba Neema, aliniletea ile baiskeli ameibeba begani. Alisema Sista ameanguka kwenye mteremko wa Mtongwe. Mbuzi alimkatizia njia, akabana breki, akarushwa mbele ya usukani. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika kifundoni na karibu na kiwiko, na alikuwa amelazwa hospitali, ng'ambo ya kivuko.

"Mwenyewe ameniambia niilete kwako," akasema. "Anakuamini."

Alipoondoka nikapiga magoti mbele ya gurudumu. Sikuhitaji dakika nzima. Bolti moja kati ya zile mbili zangu ilikuwa imelegea ikatoka nusu, kichwa chake kikanasa kwenye koleo, gurudumu likasimama ghafla. Alama ya mkwaruzo ilikuwa wazi, mpya, inang'aa. Hakuna mbuzi aliyefanya vile.

Sikusema. Wateja walikuja wakizungumza juu ya yule mbuzi, wengine wakitaja hadi rangi yake na mwenyewe, nami nikaitikia kwa kichwa. Baiskeli nikaifunika gunia. Sista akarudishwa nyumbani na plasta mpaka juu ya kiwiko. Mke wangu alikwenda kumjulia hali, mimi nikasingizia kazi. Usingizi ulinipaa. Nilikuwa nikishika baiskeli ya mtu, nakaza nati moja, nairudia mara tatu, nne, na bado siiamini.

Wiki ya tatu nilichukua gurudumu lile nikaenda Shelly Beach. Saidi alikuwa nyuma ya hoteli, kwenye kivuli cha stoo, amepiga magoti anasafisha cheni.

"Asalaam aleikum," nikasema.

"Waaleikum salaam," akaitikia, kisha mkono wake ukasimama. Hakugeuka. "Mwinyi?"

"Ndimi."

Aliinuka, akajifuta, akapokea gurudumu bila kuuliza. Akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya bolti moja moja, juu ya alama za patasi, juu ya ule mkwaruzo.

"Kazi ya nani hii?"

"Yangu."

"Na aliyeanguka nayo ni Sista Kadzo?"

"Ndiye."

"Watoto wangu wawili wamepita mikononi mwake," akasema. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo mmoja mdogo, haukuzidi urefu wa kidole. Akauingiza kwenye bolti ya gurudumu la baiskeli iliyokuwa karibu yake. Uliingia ukatulia, haukucheza hata kidogo. "Kitu chenyewe ni hiki, Mwinyi. Ungemtuma mtu. Ungesema ni cha fundi mwingine. Ningejua ni wewe, na ningekupa."

"Nilijua unacho."

"Ulijua?"

"Fundi wa redio wa Kisauni aliniambia."

Aliketi juu ya debe. "Hilo ungelinificha," akasema.

Baadaye alinieleza kwamba wakati ule alipochukua kazi ya hoteli mamake alikuwa mgonjwa, na hakutaka kuwa mbali na Timbwani. Alikuja kuniambia mara tatu. Nikasema najua, nilimwona kila mara. Hatukuwa na zaidi ya kusemezana juu ya hilo.

Alinifundisha siku ile, nami nawaandikia nyinyi. Bolti ya nyota ipashe moto kidogo ilainike gundi. Ufunguo uukandamize kwa kiganja kabla ya kuuzungusha. Usimalize bolti moja ukaenda nyingine. Zilegeze zote kidogo kidogo, ukivuka upande wa pili kila mara, na ukikaza ufanye vivyo hivyo. Sahani usiishike kwa mikono ya mafuta, kwa maana mafuta yakiingia kwenye pedi, vile vipande vinavyoibana sahani, breki haishiki tena. Ifute kwa spiriti. Bolti mpya uzitie tone la gundi. Na kama huna chombo, mwambie mwenye baiskeli kwamba huna. Ni maneno mawili tu. Mimi yalinishinda.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani kwa Sista Kadzo. Baba Neema alinipa kiti. Sista alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wake umeegeshwa juu ya mto.

"Fundi, umepotea," akasema.

"Sista, nimekuja kukueleza habari ya breki." Nikamweleza yote, kuanzia nyota hadi patasi hadi bolti mbili. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika mwisho akauinua uso.

"Subiri. Unasema gurudumu lilijifunga?"

"Lilifungwa na bolti. Niliyoitia mimi."

"Hata kama singebana breki?"

"Hata kama usingegusa."

Akamgeukia mumewe. "Baba Neema, umesikia?" Kisha akanirudia. "Hapakuwa na mbuzi, Fundi. Nilisema mbuzi kwa kuona haya. Yule mgeni alinionya kabla hajaondoka, akasema breki hizi ni kali, usibane ya mbele peke yake utaruka. Nilidhani ndivyo nilivyofanya. Nilijiona mama mtu mzima nimejivunja mkono kwa kucheza na kitu nisichokiweza." Akavuta pumzi. "Wewe ulijua lini?"

"Siku mumeo alipoileta."

"Ni wiki tatu."

"Ndiyo."

"Bolti ningekusamehe siku ileile. Mimi pia nimewahi kukosea kazini, na kosa langu mimi ni juu ya mtu. Lakini wiki tatu nimekaa hapa najiita mjinga, na wewe uko pale barabarani unajua." Hakupaza sauti. Angepaza ningeona nafuu. "Itengeneze hiyo baiskeli, umpelekee yule muuguzi mpya aliyeshika kazi yangu zahanati. Akaitumie yeye."

Baba Neema alinisindikiza hadi njiani. Nikanyoosha mkono kumuaga. Hakuupokea.

Baiskeli tuliitengeneza pamoja, Saidi na mimi, kwa bolti sita mpya alizoagiza kupitia mgeni wa hoteli. Tukarudi kusalimiana, tukawa tunatembeleana sikukuu. Karakana ya pamoja hatukuifungua. Kila mmoja alishazoea kufanya kazi peke yake. Mkono wa Sista Kadzo uliunga, lakini kifundo hakikurudi kama zamani. Hakuweza kugeuza kiganja kikatazama juu, na kitu kizito kilimponyoka. Alibaki zahanati akiandika kwa mkono wa kushoto na kuwafundisha wengine.

Mwaka uliofuata binti yangu Mwanasha alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Tulimpeleka zahanati asubuhi, nikakaa kwenye benchi la nje. Kupitia dirishani nilisikia sauti ya Sista Kadzo ikimwelekeza yule muuguzi. "Weka mkono hapo chini. Si hivyo. Ugeuze. Ugeuze zaidi, mwanangu, mimi siwezi kukuonyesha, sikiliza tu maneno yangu." Alirudia maneno yaleyale mara nyingi, polepole, bila hasira, nami nikayahesabu yote, nikijua kwamba mkono wake mwenyewe ungemaliza kazi ile bila kusema kitu.

Mchana mtoto akalia. Mlango ukafunguliwa. Sista Kadzo alitangulia mikono mitupu, na nyuma yake muuguzi amembeba mtoto.

"Hongera, babu," Sista akaniambia. "Ni msichana."

Muuguzi akanipa mtoto. Sista Kadzo akasimama kando, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti, akanielekeza kwa maneno namna ya kukishika kichwa.